Shada la Maua kwa Kompyuta Mwenyekiti

Kwanza kabisa naomba ieleweke kwamba nchi ya Shwari haipo popote, kwa hiyo msihangaike kufungua ramani. Mtu akisoma habari hizi akacheka peke yake, huyo ni msomaji. Akicheka huku anamtazama jirani yake, huyo ni mchochezi. Mimi naitwa Fumo Mlekwa, mtangazaji wa Redio ya Taifa ya Shwari, na kazi yangu miaka yote imekuwa kuwaeleza wananchi mambo mazuri waliyofanyiwa, maana wengi wao huwa hawajayaona.

Shwari ni nchi iliyobarikiwa, jamani. Tuna amani, tuna bendera kubwa, na tuna Rais ambaye akipigiwa makofi hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuacha. Maji ya bomba tunayo pia. Hutoka kila Rais anapokuwa nje ya nchi. Nimewahi kumsikia fundi mmoja wa idara ya maji akidai eti mkubwa akiwapo, mafundi wote hushinda barabarani wakipunga vibendera, na akiondoka ndipo wanapata nafasi ya kwenda kuwasha mitambo. Huo ni uzushi mtupu. Mimi naamini ni bahati tu, ila ni bahati inayoijua ratiba ya Ikulu.

Mama yangu, Bi Mize, ni mwanamke asiyejihusisha na siasa hata chembe. Yeye hufuata taarifa ya habari kwa ajili ya kufua. Rais akienda nje kwa siku moja, Mama anafua mashuka. Akienda wiki nzima, anafua mablanketi. Mazulia ya sebuleni yamefuliwa mara moja tu tangu nizaliwe, mwaka ule Rais alipokwenda kutibiwa mgongo.

Basi, katika nchi hiyo ikaamuliwa kwamba tuunde ndege yetu wenyewe.

*

Ndege hiyo ya majaribio iliitwa Kipanga. Aliyeiunda ni Injinia Shomvi Kaniki, mwanamume mpole, mwembamba, mwenye tabia ya kuvuta sikio lake kila akipata wazo. Aliyeteuliwa kuirusha ni Kapteni Tausi Mlekwa, dada yangu wa tumbo moja, ambaye mpaka leo ananiita "wee mtoto" mbele za watu, na mimi nina mvi.

Siku ya kumweleza Rais mpango huo nilikuwapo Ikulu na kinasa sauti changu. Pembeni ya Rais alisimama Bwana Taadhima, Mkuu wa Itifaki, mtu ambaye hata akipiga chafya huanza na "itifaki imezingatiwa."

"Mheshimiwa Rais," akasema Injinia Shomvi, "katika ndege za zamani rubani akivuta usukani, kamba za chuma huvuta mabawa na mkia moja kwa moja. Kipanga hana kamba. Usukani wake unapeleka ujumbe kwa umeme, kupitia waya, mpaka kwenye kompyuta. Kompyuta inaupima ujumbe, inaangalia kasi na upepo, ndipo inasogeza mkia."

"Kwa hiyo rubani haendeshi?" akauliza Rais.

"Anaomba, Mheshimiwa. Kompyuta ndiyo inayoamua."

Rais akaegemea kiti, akafurahi sana. "Anaomba! Mnasikia? Wananchi wanaomba, Serikali inaamua. Kumbe sayansi ilikuwa inatufuata sisi nyuma miaka yote hii!"

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mambo yangeishia hapo vizuri kabisa, lakini Rais akauliza swali la ziada. "Na kompyuta ikikosea?"

"Ndiyo maana zipo tatu," akasema Injinia, maskini, bila kujua anakokwenda. "Kila moja ina mrija wake wa chuma puani mwa ndege, wa kupimia kasi. Zote tatu zinapima, halafu zinapiga kura. Moja ikikosea, mbili zinaishinda."

Waziri mmoja akaomba maji ya kunywa.

"Zinapiga nini?" akauliza Bwana Taadhima.

"Kura."

"Mara ngapi?"

"Mara nyingi tu. Hamsini kwa sekunde."

"Salale! Shwari ilifanya uchaguzi mmoja, na mpaka leo tunapumzika! Na nani anashinda?"

"Yeyote mwenye wengi."

"Yaani wewe uliyeziunda, mshindi humjui mapema?"

"Simjui, mzee."

Bwana Taadhima akamgeukia Rais, uso umemwiva kwa huzuni. "Mheshimiwa, na kitu hiki anakiita salama."

*

Siku hiyohiyo ikaundwa Kamati ya Maadili ya Kompyuta, chini ya Bwana Taadhima. Ilikaa hotelini kwa muda mrefu, kwa sababu suala lilikuwa zito na chakula kilikuwa kizuri. Mwishowe ikatoa uamuzi kwamba haiwezekani kompyuta tatu zikawa sawa, kwani mahali penye watatu lazima awepo mkubwa wao. Kompyuta ya kwanza ikafanywa Mwenyekiti. Ya pili ikawa Makamu, na ya tatu Katibu. Kura zisifutwe, maana wageni wangetusema vibaya, ila Mwenyekiti apige kwanza na wenzake wamuunge mkono. Tena wote watatu wapewe sauti za kibinadamu, ili ionekane na isikike kwamba wameungana.

Injinia Shomvi akafunga hizo sauti. Angefanyaje? Kisha likafanyika jaribio la kwanza pale chini, ndani ya banda la ndege. Tausi akaingia kwenye chumba cha rubani, akavuta usukani ili mkia unyanyuke.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti," ikasema kompyuta ya pili.

"Marahaba. Hujambo, Makamu?"

"Sijambo, Mheshimiwa. Sijui wewe."

"Mimi sijambo. Katibu naye?"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nyumbani hawajambo?"

Yalipofika ya nyumbani Tausi akashuka, akaenda kunywa chai. Alikuwa kwenye kikombe cha pili na andazi mkononi, ndipo mkia wa Kipanga ukanyanyuka polepole, kwa heshima zote. Bwana Taadhima akafuta machozi kwa leso na kusema hajawahi kuona mashine yenye malezi kama ile.

Injinia aliomba sana, akaruhusiwa kuzifupisha salamu. Hoja yake ilikuwa kwamba wakiwa angani wote wako njiani, na mtu wa njiani husamehewa. Lakini Tausi hakuridhika.

"Mzee Taadhima, Mwenyekiti akikosea itakuwaje?"

"Hakosei."

"Nauliza tu. Akikosea?"

"Kapteni, swali lako halimo kwenye ajenda."

"Na mimi nimo kwenye ndege!" akasema dada yangu.

*

Jumapili ile tulikula kwa Mama. Tausi alikuwa anachezea wali kwenye sahani, na ukimwona Tausi anachezea wali ujue kuna jambo.

"Nikiwa juu kule," akatueleza, "ile moja ikikosea, hizi mbili zitaitikia tu, ewaa Mheshimiwa, naam Mheshimiwa, na mimi nakwenda nazo mlimani. Shomvi alizitengeneza zikosoane ili mtu apone. Wao wamezifundisha adabu."

Mimi ni mtumishi wa umma, sisemi neno baya juu ya kamati yoyote. Nikasema tu, "Si ukatae, dada."

"Nikikataa watampandisha mpwa wake Taadhima, ambaye hajawahi kuendesha hata toroli. Tena wee mtoto, mimi naiota ndege hii tangu niko shule. Siiachi kwa sababu ya kikao cha watu wanaokula bata hotelini."

Mama alikuwa anachambua mwiba kwenye samaki. Akaniinulia macho. "Fumo, wewe si ndiye unayesema redioni?"

"Ndiye, Mama."

"Basi siku hiyo mrudishe dada yako mzima."

"Mama, mimi natangaza tu."

"Ndiyo. Tangaza arudi."

Nikacheka, lakini yeye hakucheka, akarudi kwenye samaki wake.

*

Kikao cha mwisho cha Kamati kilihusu marupurupu ya Mwenyekiti. Akapewa bendera ndogo juu ya kasha lake. Akapewa kiti cha ngozi cha kuzunguka, ambacho ilibidi kifungwe nyuma ya ndege, kwa sababu kompyuta yenyewe ilikuwa ndogo kuliko mkono wa kile kiti. Mrija wake wa kupimia kasi ukapakwa rangi ya dhahabu ili utofautiane na ya wasaidizi wake.

"Kuna lililosahaulika?" akauliza Bwana Taadhima.

Injinia Shomvi alikuwa kaketi mwisho wa meza, anavuta sikio. "Lipo, mzee. Safari za nje."

Lo! Kamati nzima ikaona aibu. Wanataja kiti na bendera, na safari wameisahau! Mwenyekiti gani hasafiri? Pale pale ikapitishwa kwamba mbele ya rubani kiwekwe kitufe cha dhahabu kilichoandikwa SAFARI YA NJE. Kikibonyezwa, Mwenyekiti ataacha shughuli zote za ndege na kuhesabiwa kwamba yuko ng'ambo.

"Lakini kwa utaratibu," akasema Bwana Taadhima. "Safari ya mkubwa haiwi safari mpaka itangazwe na Redio ya Taifa. Mwekee Mwenyekiti redio, aisikie kwanza ikitangazwa, ndipo aondoke."

"Nitamwekea," akasema Injinia. "Na akiwa hayupo, Makamu na Katibu wafanye nini?"

"Waendelee na shughuli ndogondogo za kila siku."

"Kama vile kuruka?"

"Kama vile kuruka," akajibu Bwana Taadhima, kichwa kimezama kwenye sahani ya korosho.

Dada yangu akashikwa na kikohozi cha ghafla, akatoka nje mbio. Nilidhani amepaliwa. Mimi nilibaki na wasiwasi mwingine, maana Bwana Taadhima alinigeukia na kunikumbusha amri ya siku nyingi: hakuna kutangaza safari ya mkubwa yeyote bila kibali chenye muhuri wa Itifaki. Mtangazaji wa mwisho kuivunja amri hiyo siku hizi anatangaza mnadani, anauza mbuzi.

Hakuna aliyeuliza Mwenyekiti akishaondoka atarudi vipi. Haikumjia mtu.

*

Kipanga alipangiwa kuruka Sikukuu ya Uhuru. Uwanja ulifurika. Bendi ikapiga, watoto wa shule wakazimia kwa jua kwa mpangilio mzuri sana, na Rais akahutubia.

"Ndugu wananchi," akasema, "kuna watu walisema Shwari haiwezi kupaa. Nawauliza leo, wako wapi? Msijibu, najua walipo, niliwaweka mimi! Leo tunapaa. Tena hatupai kama wengine wanaopaa hovyohovyo. Tunapaa kwa umoja. Kompyuta zetu zinapiga kura, na tayari ninayo matokeo!"

Makofi yaliyofuata yalikatisha ratiba ya chakula cha mchana.

Kisha Bwana Taadhima akajitokeza na shada kubwa la maua. Kwetu Shwari mkubwa hapandi ndege wala hashuki bila kuvishwa shada shingoni, na Kompyuta Mwenyekiti alikuwa mkubwa, tena anapanda ndege. Tatizo lilikuwa shingo. Bwana Taadhima akaizunguka pua ya Kipanga akitafuta, na macho yake yakaangukia ule mrija wa dhahabu.

"Hapana, mzee!" Injinia Shomvi akapiga mbio. "Hapo ndipo Mwenyekiti anapoingizia upepo ajue kasi. Ua likiziba tundu, atadhani ndege imesimama!"

"Shada haliwekwi tunduni, linavishwa shingoni."

"Mvisheni kile kiti chake cha ngozi basi."

"Mheshimiwa Rais aingie kwenye mkia wa ndege kuvisha kiti? Wananchi wamwoneje?"

Rais akavisha mwenyewe. Picha zikapigwa. Injinia akaomba walau shada livuliwe kabla ndege haijaondoka, na Bwana Taadhima akamuuliza kwa sauti ya chini kama anataka kumvua Mheshimiwa shada alilovishwa na Mheshimiwa. Askari wawili wakasogea karibu. Injinia akarudi nyuma.

Tausi alikuwa ameyaona yote. Akapita mbele ya meza yangu ya matangazo na kofia yake mkononi, akasimama.

"Fumo," akasema.

Hakuniita wee mtoto, na hapo nikajua kwamba anaogopa.

"Naam, dada."

"Utakuwa unanisikia?"

"Nakusikia wakati wote. Spika hii hapa."

Akanipiga kofi dogo la bega, akaenda kupanda.

*

Kipanga akaruka. Jamani, nisiwafiche, alikuwa mzuri! Alikimbia, akaacha ardhi kama anacheka, akapinda upande wa kilima jua likimng'aria mgongoni. Nilitangaza kwa sauti yangu ile ya sikukuu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nasema jambo ambalo watu wanaliona kwa macho yao. Maua ya shada yakawa yanapukutika kwa upepo moja moja, watu wakidhani ni urembo. Ua moja halikuanguka. Liliingia kwenye tundu la mrija wa dhahabu, likatulia humo.

Sauti za ndani ya ndege zilikuwa zinasikika uwanja mzima, kwa amri ya Kamati.

"Naona tumesimama," akasema Kompyuta Mwenyekiti.

"Tumesimama kabisa, Mheshimiwa," akasema Makamu.

"Naunga mkono," akasema Katibu. "Ingawa..."

"Ingawa nini?"

"Ingawa hakuna kitu, Mheshimiwa."

"Hatujasimama!" ikaja sauti ya Tausi. "Tunakwenda kasi! Naiona ardhi inakimbia!"

"Ndege ikisimama angani huanguka," akaendelea Mwenyekiti bila kumsikia. "Tuinamishe pua, tupate mwendo."

Pua ya Kipanga ikainama. Tausi akavuta usukani kwa nguvu zote, tukamsikia anavyohema.

"Ombi lako limepokelewa," akajibiwa.

Ndege ikazidi kushuka, ikazidi kasi. Mrija ulioziba ukazidi kusema hakuna kasi. "Bado tumesimama. Inamisha zaidi," akasema Mwenyekiti, na wenzake wakasema zaidi, Mheshimiwa, zaidi. Uwanjani watu wakashangilia wakidhani ni mbwembwe. Injinia Shomvi peke yake ndiye aliyekuwa amejishika kichwa.

"Tangaza kwamba Kipanga anainama kumsalimu Rais," akaninong'oneza Bwana Taadhima, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

Nikatangaza. Nilishazoea. Nikasema ndege yetu tukufu inainama kwa heshima mbele ya Kiongozi wetu, na maneno yakiwa bado mdomoni nikaona kivuli cha Kipanga kinapanda kilima kukutana naye.

"Fumo!" Tausi akaita. "Nimebonyeza kitufe! Nimebonyeza, Fumo!"

"Naarifiwa nina safari ya nje," akasema Mwenyekiti, safari hii kwa sauti laini zaidi. "Lakini sijaisikia ikitangazwa."

Injinia Shomvi akageuka kunitazama. Mkono wangu ukaenda kwenye kipaza sauti, na mkono wa Bwana Taadhima ukatua juu yake.

"Kibali kiko wapi?"

"Mzee, dada yangu..."

"Maombi yanapokelewa Jumatatu."

Nilimwona Mama anachambua mwiba. Nilijiona mnadani nauza mbuzi, na nawaambia kweli, mbuzi wale wakaonekana wazuri, wanono, wenye afya. Nikausukuma ule mkono.

"Hii ni Redio ya Taifa ya Shwari!" nikasema. "Mheshimiwa Kompyuta Mwenyekiti ameondoka hivi punde kwenda ng'ambo kwa safari ya kikazi!"

"Kuhudhuria nini?" akauliza Mwenyekiti.

"Mkutano wa Kimataifa wa Kompyuta Wenyeviti!"

"Kaulimbiu?"

Kipanga alikuwa anakaribia miti. "Mchango wa Wenyeviti katika Kuendeleza Wenyeviti!"

"Nitahutubia?"

"Utafungua na utafunga!" nikapiga kelele. "Na katikati utatoa neno la shukrani! Nenda, Mheshimiwa, wanakungoja, wamesimama!"

"Kwaherini," akasema Mwenyekiti. "Endeleeni kuchapa kazi."

Ikasikika tiki.

"Ameondoka?" akauliza Makamu.

"Nadhani," akasema Katibu.

"Usidhani. Una hakika?"

"Taa yake imezimika."

"Basi mbona tunakwenda kasi hivi, Mungu wangu!"

"Mrija wangu ulisema tangu mwanzo!"

"Na wangu! Kapteni, samahani, ulikuwa unaomba nini vile?"

"Pua juu!" akapiga ukelele Tausi.

"Pua juu!" akasema Makamu.

"Pua juu!" akasema Katibu. "Wote tumekubali!"

Kipanga akainuka. Alipita juu ya miti karibu mno, matawi yakatikisika na ndege wa porini wakatawanyika, halafu akapanda, akapanda, mpaka akawa doa dogo kwenye anga safi. Nilikuwa nalia hewani, taifa zima likinisikia, na sikujali.

*

Alipotua, watu walivunja kamba za ulinzi. Injinia Shomvi alikuwa wa kwanza kumfikia Tausi. Alikuwa anavuta masikio yote mawili. Mimi nilikuwa wa mwisho, kwa sababu Bwana Taadhima alikuwa amenikamata ukosi.

"Amemsafirisha mkubwa bila kibali!" akamwambia Rais. "Mbele yako, Mheshimiwa!"

Rais akanitazama, akamtazama Injinia, akaitazama ndege. "Hebu mtu anieleze kilichotokea."

Kweli ilikuwa inajulikana na kila mtu aliyekuwa na masikio, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuisema. Ndipo dada yangu akasimama wima, akapiga saluti.

"Mheshimiwa Rais, Mwenyekiti alipokuwapo tulikuwa tunaanguka. Alipopata safari ya nje, tukapaa."

Nikafumba macho.

Uso wa Rais ukaanza kuchanua, kidogo kidogo, mpaka meno yote yakawa nje.

"Taadhima, umesikia?" akasema. "Miaka yote watu wananisengenya, eti safari zangu hazina faida kwa taifa. Nimekuwa nikiwaambia zina faida, ila nilikosa ushahidi. Sasa sayansi imethibitisha! Mkubwa akisafiri, nchi inapaa!"

Yakalipuka makofi. Nimetangaza makofi mengi maishani mwangu, lakini yale sikuwahi kuyasikia. Hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake kujua nani ataacha kwanza. Watu walipiga huku wanaruka, wanakumbatiana, askari wameweka bunduki chini ili wapate mikono yote miwili.

"Kumbe mlikuwa mnanihitaji kiasi hiki!" akasema Rais, machozi yakimlengalenga. "Basi naongeza safari!"

"Ndefu!" sauti ikapigwa kutoka nyuma.

"Ndefu!" ukaitikia uwanja.

*

Wiki iliyofuata nilitangaza safari ya Rais kwa kibali halali, kikiwa na muhuri. Alikwenda kwenye mkutano wa wakuu wa nchi wanaosafiri. Bwana Taadhima alifuatana naye, kwa kuwa haiwezekani mkubwa akaiacha Itifaki nyumbani. Aliwarusha Tausi mwenyewe ndani ya Kipanga, Makamu na Katibu wakipiga kura njia nzima kwa furaha, na shada safari hii alivishwa Rais, shingoni. Tausi akawafikisha salama, akarudi na ndege tupu.

Mimi mnadani sikwenda. Waliotakiwa kunipeleka walikuwa wameandamana na msafara.

Siku aliporudi dada yangu tukakutana kwa Mama, pamoja na Injinia Shomvi, ambaye siku hizi haishi kupita pale kuulizia hali ya Bi Mize, na Bi Mize hajaugua. Uani bomba lilikuwa linamwaga maji ya kutosha. Mablanketi yalijaa kwenye kamba, meupe.

"Na yule Kompyuta Mwenyekiti," nikamuuliza Injinia, "mmeshamrudisha kutoka ng'ambo?"

"Sikuweka kitufe cha kurudi," akasema Shomvi, na mkono ukaenda sikioni. "Hakuna aliyeniuliza."

"Tumemwachia kiti chake," akasema Tausi. "Wee mtoto, sogea, unanimwagia maji."

Mama alikuwa ameinama kwenye beseni, mapovu mpaka viwikoni. Akanyanyua kichwa.

"Fumo, mkutano wa huyu wetu ni wa siku ngapi?"

"Tarehe ya kufunga haikutajwa, Mama."

Akalitazama bomba. Likawa linatiririka tu, wala halikohoi. Akakunja upya mikono ya gauni.

"Basi niletee na mazulia."